Sikio la Papa Lokangu

Siku ile mto mzima ulinisikia nikipiga kelele kama mbuzi anayepelekwa kuchinjwa, na mpaka leo, nikipita soko la Mangobo, kuna mama mmoja wa mikate ya kukaanga ambaye hanipimii mikate kabla hajacheka. Bon, acheke. Aibu hiyo nilijitia mwenyewe, tena kwa kalamu yangu.

Mnajua kazi yangu: nachora picha za gazeti moja dogo la hadithi hapa Kisangani, na vitabu vya watoto wa shule pia, wakinitafuta (hawanitafuti sana). Kazi hii inataka sura za watu, na ukichora za kichwani tu, mwishowe kila mtu anafanana na kaka yako. Donc, basi, nilikuwa na mazoea ya kuchora abiria kwenye mtumbwi nikivuka mto kwenda Lubunga, ng'ambo, maana katikati ya maji mtu hana pa kukimbilia, anatulia, nami namchora polepole bila yeye kujua.

Sasa mkuu wa gazeti akaniletea hadithi ya mtu anayejigeuza mamba na kula wasafiri, akataka picha siku hiyo hiyo. Nikahangaika na sura ya huyo mtu, haikuja. Ndipo nikaona katika karatasi zangu sura ya Papa Lokangu, mzee wa Yanonge anayevusha watu kwa kafi: mashavu yameingia ndani, jicho moja dogo kuliko jingine, sikio la kushoto limekatika juu. Nikaihamisha yote kama ilivyo. Ningebadilisha sikio tu, jamani, nisingekuwa na habari hii ya kuwasimulia, lakini sikio ndilo nililolichora vizuri kuliko vyote, nikaona uchungu kulifuta.

Gazeti likatoka, nikasahau. Asubuhi moja napeleka picha za kitabu kwa mwalimu wa Lubunga, nimezifunga kwenye plastiki, nimevaa shati jeupe, nafika majini nakuta mitumbwi mingine imejaa watu mpaka inakaribia kuzama, na wa Papa Lokangu uko mtupu. Nyinyi mngejiuliza. Mimi nikajiambia leo nina bahati, nikapanda, nikakaa nikimwelekea. Watu wa ufukweni wakanyamaza wote kwa pamoja, nikadhani ni kwa sababu ya shati langu.

Katikati ya mto Papa akaacha kupiga kafi. Akalilaza magotini, mtumbwi ukaanza kuchukuliwa na maji. Akatoa mfukoni ukurasa wa gazeti uliolowa mafuta ya mikate, akaukunjua, akauweka karibu na shavu lake.

"Mwana yangu, angaria muzuri. Huyu iko nani?"

"Papa, ile ni mambo ya gazeti tu."

"Nakuuliza iko nani. Bibi yangu mwenyewe, mama ya batoto yangu, anasema iko mimi. Batu banakataa kupanda, banatupa mawe. Banasema mutu moja tu akipotea mu hii mayi, batanichoma."

Niwaambieni ukweli: mkia wa yule mamba niliuchora mimi, magamba niliyachora mimi, moja moja. Lakini pale majini, mbele ya lile sikio, akili ilinitoka kabisa. Nikaanza kumchungulia kucha. Yeye akainama kunisogelea (baadaye aliniambia alitaka tu kunionyesha jina langu chini ya picha), midomo ikafunguka, nikaona meno, nikasimama wima ndani ya mtumbwi, jambo ambalo hata mtoto wa mtoni hafanyi, nikapiga kelele: "Mamba! Ananikula!"

Mtumbwi ukalala upande, nikaingia majini na picha zangu. Papa akanikamata ukosi wa shati kwa mkono mmoja, akanivuta ndani. Alikuwa ananiokoa. Lakini kwa aliyesimama ufukweni, yule mwenye lile sikio alikuwa anamvuta mtu amle.

Nikasikia makelele yakiamka kule tulikotoka. Watu walikuwa wanakimbilia maji, wengine na fimbo, na hakuna mtumbwi uliothubutu kutusogelea. Papa Lokangu akawatazama.

"Umeniua, mwana yangu," akasema polepole.

Hapo hofu yangu ikageuka. Sikumwogopa tena, nilimwogopea. Tungeenda ng'ambo wangesema amenila, kwa hiyo nikamwomba turudi, na njia nzima ya kurudi nilikuwa naomba Mungu wasitupe jiwe kabla sijafungua mdomo.

Tulipokaribia nikashuka, nikasimama majini mpaka kiunoni mbele ya mtumbwi wake, kiatu kimoja kimekwenda, shati limekuwa rangi ya tope, nikasema kwa nguvu yule wa gazeti nilimchora mimi, sura nilimwibia Papa huyu, na yeye hajamla mtu.

Kijana mmoja mwenye fimbo akauliza, "Kama si mamba, ulilia nini?"

"Niliogopa picha yangu mwenyewe," nikasema.

Yule mama wa mikate akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka beseni lake chini, na wengine wakamfuata. Sijawahi kufurahi hivyo kuchekwa. Fimbo zikashuka.

Lakini kucheka si kupanda. Papa Lokangu akanionyesha mahali pangu kwa kafi. "Panda." Nikavuka naye, tukarudi, tukavuka tena, jua limenichoma, nimelowa, sijala, kila tukirudi watu wananikagua kama bado nina miguu. Mwishowe mama wa mikate akainua beseni lake, akaingia.

"Kama alikuwa mamba," akasema akijikalisha, "huyu mulegevu angekuwa ameshaliwa zamani."

Wengine wakapanda nyuma yake.

Picha za mwalimu nilizichora upya zote. Sura ya mtu siichukui tena bila kumwomba, nimeapa, na wabaya wote wa gazeti nawachora kwa kujitazama kwenye kioo, mpaka mke wangu anauliza mbona naanza kuwa maarufu kwa ubaya. Na nikivuka, navuka na Papa Lokangu tu. Tulishasameheana. Ila kila tukifika katikati ya mto anaacha kupiga kafi, analilaza magotini, ananitazama kidogo. Mimi nashika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili. Halafu anaendelea.