Sinema ya Mke Mwenzangu

Siku sinema ilipokuja Garissa, zamu ya kupeleka maziwa mjini ilikuwa yangu. Naliandika hili mwanzo kabisa ili lijulikane. Nilikuwa na jipu kisiginoni, siwezi kukanyaga, na kwa mkono wangu huu nikampa mke mwenzangu pasi, ile karatasi ambayo bila hiyo hakuna mwanamke aliyevuka lango la kijiji.

Kijiji chenyewe ni jina tu. Ilikuwa miaka ile ya vita, serikali ilipotukusanya sisi wafugaji ndani ya ua wa miiba nje kidogo ya mji, ili tusiwalishe watu wa msituni. Ngamia wetu wengi walichukuliwa. Mume wetu, mtu aliyezoea kutembea siku nne akitafuta malisho, sasa alikaa juu ya gogo akiutazama ua. Hakuwa amecheka tangu ngamia waondoke. Mimi, mke mkubwa, niliyemzalia watoto watano, nilijaribu kila nilichokijua. Nilimpikia chai ya iliki, nikamtania, nikamkumbusha vituko vya harusi yetu. Aliitikia "Alhamdulillahi" na kurudi kwenye miiba yake.

Mke mwenzangu alirudi alasiri, vibuyu vitupu, macho yanang'aa. Gari la sinema limekuja, alisema, na kwa kuwa jioni watu hawaruhusiwi kutoka, imeonyeshwa mchana ndani ya ghala la ngozi, madirisha yamezibwa kwa magunia. Akakaa mbele ya aqal yake, nyumba yetu ya fito na mikeka, akaanza.

Ilikuwa sinema ya kuchekesha. Familia ya kawaida tu: baba mwembamba, mama, watoto na bibi kizee. Tajiri mmoja anaitaka nyumba yao ya mawe, anatuma wanaume wa miraba minne wawatoe. Familia inajihami kwa vitu vya jikoni. Watoto wanamwaga maharagwe kwenye ngazi, mama anapaka mafuta kizingitini, na bibi yuko nyuma ya pazia na mvukuto aliouja­za pilipili. Mke mwenzangu hakusimulia, aliigiza. Alikuwa bibi, akawa pandikizi la mtu linalopiga chafya, akaanguka vumbini na nguo zake nzuri. Maneno ya sinema yalikuwa ya kigeni, hata yeye hakuyaelewa, lakini alimpa kila mtu wa sinema maneno yake, na yule bibi akampa sauti ya mama mkwe wetu.

Mume wetu alisikiliza kutoka kwenye gogo. Mwishowe akauliza, hana mzaha hata kidogo, "Sasa kwa nini wasiibomoe nyumba, waipakie ngamia, waende zao?"

Lilikuwa swali la haki. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Huipata kwa mama yake akiolewa, huifungua na kuijenga tena popote penye majani. Ubaya ukinukia, nyumba inakuwa mgongoni mwa ngamia kabla haujafika.

"Ni ya mawe," mke mwenzangu akamjibu. "Wamekwama nayo. Kama sisi."

 Kisha mume wetu akacheka. Alicheka akishika mbavu, akafuta macho kwa ncha ya shuka, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika birika la chai yake.

Waswahili husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Basi mimi nilikonda. Sinema ile ilirudiwa kila alasiri baada ya mbuzi kukamuliwa. Majirani walikuja na watoto wao. Kitinda mimba wangu, msichana wa miaka sita, alihamishia mkeka wake kule kwa mama yake mdogo: "Eddo, anza tena pale pa pilipili." Kila siku yule mwanamke aliongeza kitu. Siku moja nilishindwa kujizuia, nikamwambia mbele za watu, "Jana hakukuwa na nyuki."

"Abaayo, dada yangu," akanijibu kwa upole, "leo ndiyo wamefika."

Watu wakaangua kicheko. Niliingia ndani nikaung'ata mtandio wangu. Na hasira yenyewe ilikuwa na mwiba ndani yake, kwa sababu nilijua kwamba kama ningeiona mimi hiyo sinema, ningerudi nikasema kulikuwa na watu wanaoangukaanguka, basi, nikaenda kuosha vibuyu.

Asubuhi moja watoto walimwomba awaonyeshe mafuta ya kizingitini. Akachukua mashapo ya samli iliyochacha, akaipaka ngozi iliyotandikwa mlangoni pake. Hawajamaliza kuchezea, askari wakafika kupekua nyumba, kama walivyofanya mara kwa mara. Mlango wa aqal ni mfupi, lazima uiname. Askari wa kwanza aliinama, akaweka buti juu ya ngozi, na miguu ikamtangulia. Alikaa chini kwa kishindo. Kofia ilibingirika hadi kwa mbuzi, na mbuzi mmoja akaionja.

Kila mtu alicheka, hata askari mwenzake. Aliyeanguka hakucheka.

"Nani amemwaga mafuta hapa?"

Mke mwenzangu alifungua mdomo, na watu wote walikuwa wakimtazama yeye. Nikaona yatakayofuata: atakiri, ataadhibiwa, na mume wetu atamkumbuka maisha yake yote kama mwanamke aliyemwangusha askari kwa samli. Sinema alikuwa nayo. Kicheko alikuwa nacho. Mtoto wangu alikuwa naye. Na hili pia liwe lake?

"Ni mimi!" nikapaza sauti, kwa Kiswahili changu cha kuuzia maziwa. "Mimi ndiyo namwaga haba! Nyumba iko safi, fiatu yako iko chafu!"

"Hii nyumba ni yako?"

"Ndiyo. Yangu."

Nilikalishwa juani penye lango mpaka alasiri, na nikakatazwa kutoka kijijini mwezi mzima. Mke mwenzangu aliniletea maji huku analia, akanibusu mkono. "Wallahi, abaayo, umeniokoa. Dada wa tumbo moja asingefanya hivi." Wazee waliopita walisema huyu ndiye mke mkubwa wa kweli. Sikuwasahihisha. Sijawahi kumsahihisha mtu hadi leo.

Niliporudi nyumbani, kichwa kinaniuma kwa jua, watu walikuwa wameshakaa mkekani kwake. Sinema ilikuwa mpya. Alikuwa askari, alikuwa kofia, alikuwa mbuzi. Kisha akasimama, akashika kiuno kama ninavyoshika mimi, akainua kidevu kama ninavyoinua mimi, na kwa sauti yangu kabisa akasema, "Fiatu yako iko chafu!"

Binti yangu alipiga makofi. Mume wetu alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye gogo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchekesha, hatimaye. Nilisimama nikingoja ageuke anitazame, lakini macho yake hayakubanduka kwa yule aliyekuwa akisimulia.