Nilimwambia mwalimu wangu wa Shiva anitumie mantra kwa voice note

Wakuu, salaam. Wadogo zangu, marahaba kabisa. Ninayoandika yamenikuta mimi, chumvi sijatia.

Mwaka 1981, nikiwa na miaka 13, baba alifariki. Nikaacha shule darasa la nne, nikaja Dar kutoka Masasi. Nimebeba mizigo Kariakoo na kulala juu ya magunia. Kwa hiyo shida mtu asinifundishe.

Nafika hamsini nina duka la vitambaa, ila usingizi sina. Presha juu. Kifua kimekaza kama robota la mitumba.

Kulikuwa na mteja wangu, mama wa Kihindi, mjane, anaishi Kisutu ghorofa ya tatu. Wote tulimwita Ba, kwao ni mama. Siku moja kanikuta nafokea wapagazi, akasema, "Wewe baba, unapumua kama mwizi anakimbizwa."

Kesho yake nikapanda ngazi zake.

Sifichi, nilifuata kitu cha kuvuta wateja. Akaniambia kama nataka hirizi nishuke, waganga wamejaa mjini. Njia yake ni ya Shiva, mungu wa Wahindu, inaitwa tantra.

(Mliosikia tantra mkategemea mambo ya chumbani, poleni. Hata mimi nilitegemea kidogo.)

Alinifundisha kukaa. Mgongo wima, mdomo kimya. Pumzi inaingia, inatoka, na kabla haijageuka kuna kituo kidogo sana.

"Hapo ndipo Shiva anakaa," akasema.

Kwamba Shiva ni ule utulivu unaoona kila kitu. Na vurugu zote, hata za Kariakoo, ni Shakti, nguvu yake. Huzikimbii, unazitazama.

Dini yangu sikubadili, na yeye hakuniomba.

Miaka miwili, kila Jumatatu asubuhi. Siku moja nikaingia kwenye kile kituo. Honi nazisikia, makelele ya mtaani nayasikia, ila ndani hakuna wa kukasirika. Dakika ngapi, sijui. Kufumbua macho, nalia. Mtu mzima na ndevu zangu. Ba akanipa maji.

Akasema Jumatatu ijayo nije nimeoga, sijala, atanipa mantra yangu, yale maneno matakatifu ya kurudia nikikaa.

Jumatatu hiyo kontena langu likatoka bandarini. Nikampigia. "Ba, leo nina kazi. Nitumie hiyo mantra kwa voice note, nitaisikiliza kwenye foleni."

Akanijibu:

"Mantra inatoka mdomoni inaingia sikioni, baba. Simu haina pumzi. Njoo ukipata nafasi."

Nafasi. Wiki ya kwanza nashusha mzigo, ya pili napanga, ya tatu nauza. Ya nne napanda ngazi, nakuta kufuli. Jirani akaniambia Ba alianguka bafuni akafariki, juzi wamemchoma kwa desturi yao.

"Kila Jumatatu alikuwa anatandika mikeka miwili," akasema.

Wakuu, mantra mtandaoni zimejaa, bure. Hekaluni kwa Wahindu pia watu wakarimu walitaka kunipa. Nikakataa. Nataka ile aliyoniwekea yeye, kwa sauti yake ya kukwaruza.

Bado nakaa kila asubuhi. Kile kituo sijakiona tena.

Somo: mwalimu akikwambia njoo, nenda. Mzigo hauozi.

Aliyewahi kufiwa na mwalimu njiani aniambie aliendeleaje. Nasoma comments zote, hata za matusi.

Leo ninavyo: maduka mawili Kariakoo, nyumba Tabata, Fuso moja, kiwanja Kibaha. Mantra sina.