Simu Niliyoizika Kwenye Mpunga

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini mjukuu wangu yuko kidato cha tatu, na hapa Usevya hilo namwambia hata asiyeniuliza. Kwa hiyo asubuhi aliyokataa kuvaa sare, nilijua kuna jambo.

"Bibi, siendi. Leo siendi, kesho siendi."

Akanionyesha simu. Picha yake akicheza kwenye kipaimara cha mdogo wake. Mtu kaiandikia matusi ya umalaya, kaitupa kwenye grupu la WhatsApp la wanafunzi. Siku tatu wanamcheka.

Nitasema kweli. Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Na wewe kwa nini ulikata kiuno vile?" Mtoto akanitazama kama nimemzaba kofi. Na kiuno chenyewe nilimfundisha mimi.

Kwa aibu nikamnyang'anya simu, nikaisukuma chini kabisa ya kihenge cha mpunga, nikafukia.

"Picha imekufa, mke mwenzangu. Vaa sare."

Akacheka bila kupenda. "Bibi, iko kwenye simu zao zote." Akajifunika shuka tena.

Nikaenda shuleni kwa miguu mpaka kwa mwalimu wa malezi, mama mpole. Hakuuliza mtoto alivaa nini. Aliuliza, "Anakula? Analala?" Kisha akasema mtoto hana kosa, na zile meseji zisifutwe, maana ndizo zitamwonyesha aliyeanza.

"Simu iko wapi?"

"Kwenye mpunga."

"Iliingia maji?"

"Hapana, mwalimu. Niliizika."

Akageukia dirishani, mabega yanamtikisika.

Kihenge kizima si kazi ya mtu mmoja. Nikawaita wanawake wa jumuiya yetu, wakaja na ndoo na turubai. Tukachota huku mikono inawasha, na mjukuu wangu katikati yetu, akishikilia turubai. Jirani yangu mmoja akaropoka, "Lakini wasichana wa siku hizi wanajitakia wenyewe."

Nikaweka ndoo chini. "Wewe siku ile ya kipaimara ulicheza mpaka kitenge kikadondoka. Mbona picha yako hatukuiandikia matusi?"

Wakacheka mpaka mmoja akakalia mpunga. Jirani naye alicheka, kisha akamgeukia mtoto. "Nisamehe, mwanangu. Hiyo picha hata mimi niliwaonyesha watu bombani."

"Mimi niliuliza kuhusu kiuno," nikasema. "Nisamehe na mimi."

Mtoto akapanda juu ya kigoda, akainama ndani ya kihenge, akazamisha mkono mpaka begani, akatoka na simu, nywele zimejaa makapi.

"Nawasamehe," akasema, "lakini mpunga mtarudisha wenyewe. Mimi nina sare ya kupiga pasi."

Kesho yake tulikwenda pamoja, simu nimeifunga kwenye ncha ya kanga, maana wanafunzi hawaruhusiwi kuja nayo. Mwalimu alipofungua kava, punje zikamwagika mezani. Akasoma yote, akaandika jina la aliyeanza, akasema mzazi wake ataitwa siku hiyo hiyo.

Kengele ikalia. Nilisimama nimsindikize mpaka darasani.

"Bibi, kaa," akasema. "Darasa la tano hulijui, utalijua la kwetu?"

Akatoka mwenyewe. Nikasikiliza viatu vyake mpaka mlango wa darasa ukafungwa, ndipo nikarudi nyumbani kujaza kihenge.