Mkono wa Kushoto wa Baba

Mpaka leo nikiikumbuka bariyeri ya polisi kwenye njia ya Ngagara, damu inanichemka.

Baba alikuwa anauza vitenge mtaani Nyakabiga. Duka lilipovunjwa mara ya pili, aliiomba serikali bastola, akapewa pamoja na kibali chenye picha na muhuri. Nyumbani tulimtania kwamba anakitunza kibali kuliko alivyomtunza mama. Kilikaa mfukoni mwa shati. Bastola ilikaa kiunoni, upande wa kulia.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunampelekea shangazi dawa kwa gari, mimi na baba. Polisi akatusimamisha, akamwambia baba ashuke. Baba alikuwa na desturi ya kusema kabla hajaulizwa.

"Shefu, niko na bastola hapa kwa kiuno. Permis iko mu mufuko ya shati."

"Leta permis. Polepole."

Baba akaitoa polepole, akainyoosha kwa mkono wa kulia. Kisha, kama tulivyolelewa sote, mkono wa kushoto ukaja kushika kiwiko cha kulia. Ndivyo anavyopewa kitu mtu unayemheshimu. Ila mkono ule ulipita mbele ya kiuno.

"Mikono yulu! We muzee, nitakupiga!"

Mtutu ulikuwa umegusa kifua cha baba. Mimi garini nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

"Ni heshima, shefu," baba alisema, mikono hewani. "Nilikuwa nakuheshimu tu."

Kibali kilikuwa kimeanguka vumbini. Polisi akakiokota, akatazama picha, akatazama muhuri, akashusha bunduki. Halafu, na hili ndilo nisilomsamehe, akamrudishia baba kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko.

"Pole, baba. Muende tu."

Kumbe alijua! Alilelewa kama sisi. Baba alisema ukweli, alikuwa na karatasi, alitii kila neno. Walitaka afanye nini tena? Afe kwanza ndipo wasome?

Baba akaendesha mpaka kwa shangazi.

Shangazi ni dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea. Alitupokea mlangoni akiwa amejifunga kitenge cha dukani kwetu. Baba akamnyooshea dawa kwa mkono mmoja tu. Wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania mfuko wa nyuma wa suruali.

Shangazi hakupokea. Aliutazama ule mkono mmoja, kisha akamtazama usoni.

"Mudogo wangu," akasema, "mi nimekukosea nini?"