Nimeambiwa Nilete Mtu wa Kazini Kwangu, na Kazini Kwangu Hakuna Mtu

Admin, jina langu naomba libaki kwako peke yako, maana Songea ni ndogo na wakwe zangu watarajiwa nao wana simu.

Mimi ni kijana wa miaka 29, kwetu ni Madaba ila kwa sasa nimepanga Mshangano. Kazi yangu naifanyia chumbani, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Kuna watu wa nje wanaifundisha kompyuta kuelewa Kiswahili. Wananitumia sauti za watu, nasikiliza, naandika kila neno lililosemwa. Mama anaulizia bei ya maharage, jamaa anagombana na mkewe, mimi naandika. Namshukuru Mungu inalipa, kodi sidaiwi na mama yangu kijijini nimemwezekea bati. Lakini kuna siku jioni inafika nagundua nimesikia watu wakisalimiana kutwa nzima na hakuna hata mmoja aliyenisalimia mimi. Majirani nao wananiangalia kwa jicho la pembeni. Kijana mzima, haendi shambani, hana duka, mlango umefungwa na hela anayo. Mama mmoja hapa uani alimwambia mwenzake nikisikia kabisa, "Huyu mtoto ana ndagu za utajiri humo ndani." Ndagu gani jamani, ni bando la intaneti tu.

Nina mchumba, nitamwita Tumaini, anafundisha chekechea. Tunapendana, hilo halina mjadala. Mwezi uliopita nilikwenda kwao Msamala kupeleka posa na baba yangu mdogo, ambaye ndiye mshenga wangu. Mzee alivaa koti lake la Krismasi, na pombe yake ya ulanzi aliiacha Madaba kwa heshima yangu. Tukatoa shikamoo zetu, tukakaribishwa, mambo yakaenda vizuri hadi baba yake Tumaini alipouliza, "Na huyu kijana wetu anajishughulisha na nini?"

Baba mdogo akajibu kwa kujiamini, "Anafanya kazi za mtandao."

Shangazi mmoja akauliza, "Mtandao upi? Anasajili laini?"

Baba mdogo akanigeukia. Nikaanza kueleza habari za sauti na kompyuta, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujichimbia shimo. Mjomba mmoja akadakia, "Au ndio wale matapeli wa meseji za ile hela tuma kwenye namba hii?" Sebule nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi, ningefanyaje?

Baba yake Tumaini hakucheka. Aliniambia taratibu kabisa, "Mwanangu, mimi sijakukataa. Dada yake Tumaini alichukuliwa na mtu aliyesema ana ofisi Dar. Ofisi ile hakuna aliyeiona, na leo binti yangu yuko hapo jikoni na wanawe. Sasa mimi sitaki barua wala picha za kwenye simu. Niletee mtu mmoja tu wa kazini kwako. Akae hapo ulipokaa, aniambie huyu namfahamu. Siku hiyohiyo napokea posa."

Ndugu zangu, angetaka ng'ombe ningehangaika nikampata. Ametaka mtu mmoja, na sina.

Bosi wangu mpaka leo sijui ni mwanamke au mwanaume. Nilimwandikia nikaeleza yote, jibu likaja palepale: ujumbe wako umepokelewa, kama una tatizo la malipo bonyeza hapa. Nikaandika kwenye grupu la wafanyakazi. Tupo wengi humo lakini hakuna anayetumia jina, kila mtu ni namba. Alinijibu mmoja tu, yuko huko Kanda ya Ziwa: "Kaka, mimi nyumbani wananiita tapeli. Ukimpata huyo mtu na mimi nisaidie namba yake." Siku hiyo nililia, na wala si kwa ajili ya posa peke yake. Nilijiuliza, nikifa humu chumbani kazini watajua lini? Wataona kazi haijarudi, watampa mwenye namba nyingine, basi.

Baba mdogo ana mpango wake. Anamjua jamaa mmoja ana suti na kitambi, mdomo anao, aje ajifanye bosi wangu. "Bwana mdogo, ni saa moja tu, halafu umeoa." Nilishakubali. Nikamwambia Tumaini nikidhani atacheka. Badala yake akasema, "Mlete. Mimi sitasema kitu. Lakini baba atamshika mkono mtu wa uongo mle sebuleni kwa mara ya pili, na mimi nitakuwa najua." Tangu hapo meseji zangu anazijibu kwa neno moja moja, na nikipiga anasema yuko na watoto wa shule hata Jumapili.

Binamu yangu naye ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, yuko tayari kuniweka kaunta. Mshahara ni kiduchu na mama itabidi avumilie, ila angalau nitakuwa na watu wa kusema wananijua. Baba yake Tumaini anasubiri hadi mahindi yatoke shambani, baada ya hapo amesema nisimpotezee binti yake muda.

Sasa nimpeleke huyo bosi wa kukodi? Niache kazi inayonilisha? Au nirudi kwa mzee nikamwambie ukweli kwamba huyo mtu hayupo? Mwenzenu nimekwama, nipeni mawazo, matusi kaeni nayo.

Na kama kuna mtu yuko hapahapa Songea anafanya kazi kama yangu, amwambie admin. Aje twende wote Msamala. Hata akikuta posa imeshaharibika, aje hivyohivyo. Nitapika.