Taa Iliyofungwa Kamba

Tangu wazazi wetu wafariki nimewalea wadogo zangu watatu kwa vitu vikuukuu: pasi za mkaa, senti zenye tundu, vibuyu vya maziwa vilivyoiva kwa moshi. Navinunua Bwera, kwa wazee na kwa Wakongo wanaovuka mpaka siku za soko, naviuza kwenye maonyesho ya Kasese. Shule niliiacha darasa la sita, lakini bei ya kitu cha kale naijua kwa kukishika tu. Mtu ndiye simjui. Anashika, anageuza, anapiga picha, ananieleza kwamba hata bibi yake alikuwa nacho, halafu anasema, "Ngoja nizunguke kidogo."

Mwaka jana upepo uling'oa mabati ya chumba cha wadogo zangu. Tukawa tunalala wote chumba kimoja, na mvua zilikuwa karibu. Nikaamua kuuza taa ya babu, ile ndogo ya shaba aliyoivaa kichwani alipokuwa akichimba mgodini. Ndiyo ingetupatia mabati.

Siku ya kwanza ya maonyesho alikuja mwanajeshi mmoja wa kambini. Akaiinua, akaipuliza vumbi.

"Hii weka pembeni."

"Utaichukua, afande?"

"Nimesema weka."

Kwetu wauzaji, kitu kilichowekewa mtu hufungwa kamba ya mgomba, na kikishafungwa hakiuzwi kwa mwingine. Nikaifunga.

Siku ya pili hakuonekana. Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho. Jua lilikuwa limeshaelemea milimani, mama mmoja mfanyabiashara wa Butembo, Kongo, akasimama mezani kwangu.

"Mama, ile taa nabeba. Sema bei."

Nikasema. Hakubisha hata kidogo. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa noti.

"Ina mwenyewe," nikamwambia.

"Mwenyewe iko wapi? Mi naona kamba tu."

"Atakuja."

"Na kama hakuje? Utalala na kamba?"

Meza za jirani zikaangua kicheko. Vidole vyangu vilikuwa tayari juu ya fundo la kamba. Niliwaona akilini wadogo zangu wamebanana kwenye mkeka mmoja. Nikamwona pia yule afande akifika na kukuta taa haipo, mimi nikiwa mwongo mbele ya watu wote. Nikamwomba mama asubiri. Alisubiri kweli, mpaka gari la Bwera lilipopiga honi mara ya tatu, akapanda.

Mahema yalikuwa yanashushwa afande alipopita, akitafuna hindi la kuchoma. Nikamkimbilia.

"Afande, taa yako hii hapa."

"Yangu? Mimi nilisema nanunua?"

"Ulisema niweke."

"Sasa si umeweka?" Akaigeuza huku na huku, akanirudishia. "Taa nzuri sana. Mwakani utakuja nayo?"

Nilitaka kumweleza habari ya mvua. Badala yake nikaisikia sauti yangu ikisema, "Ndiyo, afande. Karibu."