Watu wa Nyota wa Gare ya Kindu

Pemba, ule udongo mweupe, ikilowa hutoa harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, na ndani yake kuna kitu kingine kidogo, kama ukuta wa nyumba ya udongo ukiuegemezea shavu. Juzi binti yangu Mwamini, mwenye mimba ya miezi saba, alikaa karibu nami hapa Alunguli akitafuna kipande chake cha pemba kama wafanyavyo wanawake wenye mimba, na mkono wa pili ameshika simu. Ndani ya simu kulikuwa na sinema yetu. Harufu na picha vilinifikia pamoja. Nilikuwa nachagua mchele. Nikasahau niliishia wapi.

Nasema sinema yetu, lakini msije mkafikiri makubwa. Ni kipande kifupi tu, kanda iliyokaa miaka mingi ndani ya kopo la maziwa ya unga, mpaka kijana mmoja wa mjini akajua namna ya kuihamishia kwenye simu. Mwamini anataka watu waione. "Mama, sinema yote inakuwaka na majina kwa mwisho," aliniambia. "Uandike kila muntu: mbele alikuwa nani, na nyuma alikuya kuwa nani." Mimi nilifika mwaka wa tatu wa shule ya msingi, vita vikafunga shule. Kwenye kaye yangu, daftari la shule, huwa naandika mambo ya mvua, ya wagonjwa na ya ndoto. Watu sijapata kuwaandika. Mliokuwako, mkiona nimekosea, mnisahihishe bila kunicheka sana.

Wakati wa vita tulikaa ng'ambo ya mto, upande wa gare, kituo cha treni. Treni ilikuwa imeacha kuja. Mabehewa matatu yalibaki juu ya reli na nyasi zikaota mpaka madirishani. Nje ya mji walikuwako watu wa msituni wenye bunduki, ndani ya mji askari wenye bunduki, na sisi tuliwaogopa wote kwa kipimo kimoja. Mashambani hakukuwa na njia. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, na sombe bila chumvi, nawaambia, ni kama kumsalimu mtu asikuitikie.

Wazo lilitoka kwa Papa Donatien. Yeye alikuwa mpiga picha wa ndoa, mwenye kamera ya video begani, na katika mwaka ule hakuna aliyekuwa na moyo wa kuoa. Alikaa na kamera yake kama mtu mwenye ngoma katika mji wa kilio. Basi akatunga hadithi: watu wa nyota ya mbali wameishiwa na chumvi, wanapanda chombo chao, wanaruka usiku na mchana, wanashuka Kindu kutafuta chumvi. Watu wazima walicheka mpaka wakakohoa.

"Hao watu ya nyota walikosa hata wa kuwaonyesha njia," alisema mama yangu akijifuta machozi. "Chumvi, Kindu!"

Lakini walikuja kucheza. Nitawaeleza mmoja mmoja, na nitajitahidi kusema kweli ya kila mtu.

Mkuu wa chombo alikuwa mama mukubwa Sakina, dada yake mama. Kazi yake ilikuwa kuzalisha. Nusu ya watoto wa mtaa wetu walipita mikononi mwake, nami nikiwa mmoja wao, na sauti yake iliweza kumsimamisha mlevi barabarani. Papa Donatien alimwandikia amri za angani, yeye akazisahau zote na kutoa zile alizozizoea. Kanda inayo mpaka leo: chombo kinatua, watu wa nyota wanayumba, na mkuu wao anapaza sauti, "Pumua! Usisukume bado! Pumua kwanza!"

Dereva wa chombo alikuwa Mzee Kalonda, mashinisti wa kweli, aliyeendesha treni mpaka Kibombo na Kongolo miaka yote kabla ya njia kukatika. Chombo chenyewe kilikuwa behewa la katikati. Papa Donatien alitaka abonyeze vifuniko vya chupa vilivyogundishwa ubaoni. Mzee alikataa. Chombo chochote kinachobeba watu, alisema, kiende relini au kiende mbinguni, lazima kiwe na breki na filimbi. Kesho yake alikuja na filimbi yake ya kazi, imeng'arishwa kwa majivu.

Mimi nilikuwa mtoto wa nyota. Nilikuwa na miaka tisa na neno moja la kusema: "Muko na chumvi?" Nililisema vibaya, kwa haraka, na macho yangu yako kwa mama badala ya kamera. Hilo linaonekana, siwezi kulificha.

Na alikuwako mjomba Asumani, mdogo wake mama. Papa Donatien alimpa kuwa mtu wa nyota asiyesema, kwa sababu hata nyumbani hakuwa akisema. Watu wa msituni walikuwa wamemchukua kule Pangi akienda kuvuna muhogo, wakamfanya wao mwaka mzima, kisha akatoroka, akatembea kwa miguu mpaka kwetu. Mambo hayo tulikatazwa kuyataja hata kwa kunong'ona. Alikuwa kijana asiye na kazi, asiye na karatasi, anayeshtuka kuku akiruka. Lakini mbele ya kamera! Aliinua tu uso kutazama juu, na wote tuliokuwa pale tukatazama juu pia, tukitafuta anachokiona. Alitupita sote.

Nguo zetu zilikuwa viroba vyeupe vya mchele, vichwani sufuria za aluminiamu, na usoni tulijipaka pemba mpaka shingoni. Hapo ndipo lilipokuwa kosa letu. Watu wazima wote wale, wenye akili zao, na hakuna aliyelifikiri.

Asubuhi moja tulitoka nyuma ya mabehewa, tukashuka kwenye reli kwa mstari mmoja, kimya, tukipenya nyasi, nyuso nyeupe. Na watu wa msituni, kila mtu Kindu alijua, hujipaka dawa usoni kabla ya kuja kupigana. Mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni la ndizi kichwani alituona. Ndizi zilienda upande wake, yeye upande wake. "Wameingia! Wameingia!"

Kabla hatujavua sufuria, askari walikuwa wametuzunguka. Walitupigisha magoti juu ya kokoto za reli. Mkubwa wao alikuwa ajida mmoja mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi. Jina lake sikulijua siku ile na silijui leo. Papa Donatien alipiga magoti na kamera kifuani, na kwa woga akasahau kuizima. Ndiyo maana ajida yumo kwenye kanda, kuanzia kiuno hadi kidevu.

"Muko nani?"

"Tuko watu ya sinema, mwana wangu," alisema mama mukubwa.

"Sinema gani mu vita? Kila muntu aseme kazi yake. Mumoja mumoja. Na mikono niione."

Mzee Kalonda alinyoosha viganja vyenye mafuta yaliyoingia mpaka kwenye ngozi, akasema mimi mashinisti, na behewa lile la katikati namba yake iliyopigwa chini ya chuma ni hii. Akaitaja. Askari mmoja aliinama chini ya behewa, akaisoma: kweli. Papa Donatien alionyesha kamera. Mama mukubwa aliposema mimi muzalisha, askari wa nyuma aliteremsha bunduki. "Njo yeye, ni yeye, ajida. Mutoto wangu wa mwezi ule, njo yeye alimupokea."

Zamu ikamfikia Asumani. Hakusema. Pemba ilikuwa imekauka usoni mwake, ikaanza kupasuka kwenye mashavu.

"Huyu iko bubu?"

"Haya njo inamushika," alisema mama mukubwa. "Ni ndugu yetu mudogo. Iko fundi wa kinga."

Kinga ndiyo baiskeli kwetu. Mjomba hakuwahi kushika hata spana. Na vijana wa umri ule waliotoka msituni, sisi sote tulijua waliopelekwa na askari kufuata reli, na hawakurudi.

Ajida alitazama mikono ya mjomba muda mrefu. Kisha akaja mbele yangu, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Mutoto hajue kudanganya. Uniambie: huyu anatengenezaka kinga?"

Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilikuwa nimesifiwa mbele ya wenzangu kwamba sisemi uongo. Nilimwogopa Mungu na nikaogopa bunduki, na sikujua ni nani aliye karibu zaidi. Nilifikiria baiskeli yetu, iliyoegemea ukuta tangu msimu wa mvua uliopita, haina mnyororo, gurudumu la nyuma limepinda. Nikasema lile tu nililolijua kuwa kweli.

"Ya kwetu bado iko ya kuvunjika."

Halafu askari wa nyuma alipasuka kicheko. "Mafundi yote njo vile! Ya watu inatembea, ya kwake inalala!" Wenzake wakacheka. Ajida hakucheka. Alisimama, akakung'uta vumbi magotini.

"Vizuri. Saa kumi nitaleta yangu. Munionyeshe nyumba."

Kuanzia saa ile mpaka saa kumi, watu wa nyota walirudi kuwa watu wa kazi. Mzee Kalonda aliiweka baiskeli yetu miguu juu uani, na Asumani akaanza kusoma: spana hii, nati ile, tairi linatokaje, mpira wa ndani unatiwaje kwenye beseni la maji ili tundu lijionyeshe kwa mapovu. Hakuna aliyekumbuka kunawa. Mzee, uso mweupe, alikuwa akifundisha. Mjomba, uso mweupe, alikuwa akirudia. Spana ilipomponyoka, mama mukubwa alimwambia alichokuwa akiwaambia wasichana aliowafunza kuzalisha kule maternite: "Mukono ukiogopa, mutoto anasikia. Tuliza mukono."

Ajida alikuja peke yake, anasukuma baiskeli nyeusi, gurudumu la nyuma limelala kabisa. Akakaa kwenye kiti alichopewa. Asumani alitoa tairi. Akatoa mpira, akautia pumzi, akauzamisha kwenye beseni. Nilikuwa nimechuchumaa hapo hapo, pua yangu karibu na maji. Aliuzungusha mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Povu halikutoka. Jasho lilimchora mistari kwenye pemba. Mzee Kalonda akakohoa na kumpa kiraka na gundi. Asumani akakibandika mahali popote tu, akarudisha kila kitu, akapiga pampu mpaka gurudumu likawa gumu kama jiwe.

Ajida alilibonyeza kwa kidole gumba. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kifuniko kidogo cha valvu, pale upepo unapoingilia, akakifunga mwenyewe taratibu. "Kazi muzuri, fundi," alisema. "Kesho nitaleta ya wengine." Akaondoka.

Tulicheka wiki nzima. Tumemdanganya ajida! Mimi nilitembea kama aliyeshinda vita peke yake. Na kweli kesho yake zililetwa baiskeli za askari wengine, zilizoharibika kweli, na Mzee Kalonda hakuondoka uani petu mpaka mwanafunzi wake alipoweza kusimama mwenyewe. Sinema haikumalizika. Hakuna aliyetaka tena kujipaka pemba.

Kwa hiyo nimeandika hivi. Mzee Kalonda: mbele mashinisti, nyuma aliona treni ya kwanza ikirudi, akaipigia filimbi yake kutoka kitini, maana miguu ilikuwa imekataa, amekwisha kufa. Papa Donatien: ndoa, na ndoa tena, mpaka macho yakachoka. Mama mukubwa Sakina yuko hai, magoti yanamuuma, na bado wasichana wanakuja kumuuliza kabla ya kwenda hospitali. Mjukuu wangu atakapofika, yeye atakuwa amekaa mlangoni. Asumani: mbele, sikuandika kitu. Nyuma: fundi wa baiskeli, kisha wa pikipiki, hapa hapa Alunguli, mwenye wanafunzi wake, na anaongea kupita redio.

Jana nilimpelekea kaye aisome. Alisoma akiwa amekaa juu ya tairi kuukuu, mikono myeusi, akageuza ukurasa kwa kiwiko.

"Umemusahau mumoja," alisema.

"Nani?"

"Ajida. Na yeye iko ndani ya kanda."

Nikamwambia ajida hakuwa mchezaji. Asumani alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekaza nati upande usio wake.

"Feza, ile mupira haikukuwa na tundu. Nimefungua mipira maelfu tangu siku ile, najua. Na kifuniko cha valvu kilikuwa wapi?"

Kilikuwa mfukoni mwa ajida. Mimi mwenyewe nilikiona kikitoka. Nilikuwa na miaka tisa, nikafikiri tu kwamba ni mtu mpenda usafi, hata shati lake limepigwa pasi.

Sitaki kumpamba. Watu wake walichukua mbuzi wa jirani yetu, na baiskeli ile nyeusi huenda ilikuwa na mwenyewe aliyekuwa akiililia mahali fulani. Inawezekana pia upepo ulitoka wenyewe, akakifungua kifuniko kuangalia tu. Mimi sikuwa ndani ya kichwa chake. Lakini mtu anayetoa upepo kwenye gurudumu zima, akalisukuma mchana kupita mji mzima mbele ya askari wake, akaketi kumngojea kijana asiyejua kazi alizibe tundu lisilokuwako, nitamwitaje?

"Andika na yeye alicheza," alisema Asumani. "Siku ile alitupita sisi wote."

Nimemwandika wa mwisho, bila jina. Wengine nimewaandika kwa kalamu ya biki. Yeye nimemwandika kwa kreyo, penseli inayofutika, kwa sababu sina hakika; lakini nimebonyeza sana, na upande wa pili wa karatasi maneno yanaguswa kwa kidole.